Banki imehamia mu telefone: nani anashika ufunguo?

Tangu mwanzo wa mwaka 2025, wakaaji wa Goma na wa Bukavu wamelazimika kujifunza namna ya kuishi bila banki. M23 iliingia Goma mwishoni mwa mwezi wa 1, kisha Bukavu katikati ya mwezi wa 2. Banki zikafunga milango, na mashini za kutosha feza zikabakia kimya. Mu mwezi wa 4, CADECO, ile banki ya akiba ya zamani, ilifunguliwa tena mu Goma na wakubwa wapya wa muji. Lakini jambo hilo halikumurudishia feza mutu mwenye alikuwa ameweka mushahara wake mu banki ingine. Wenye walikuwa na uwezo walivuka mupaka, wakaenda kutosha dolari zao Gisenyi ao Cyangugu. Wengine wote, ni kusema watu wengi kabisa, walibakia na kitu kimoja tu mukononi: telefone.

Kutuma feza kwa telefone si kitu kipya kwetu. M-Pesa ilizaliwa Kenya mwaka 2007, na hapa Kongo ilifika mwaka 2012. Airtel Money nayo iko, Orange Money iko, Afrimoney iko. Lakini kwa miaka mingi tulizitumia kama daraja. Feza ilikuwa inapita, haikuwa inalala. Mutoto anatuma toka Kinshasa, mama yake mu Kadutu anatosha siku ileile, mambo imeisha.

Sasa daraja imekuwa nyumba. Watu wanaacha feza zilale mu telefone, juu kuzitosha ni bei kali na kuzitembeza mufukoni ni hatari. Mushahara wa mwalimu, minervali ya watoto, feza ya mama wa soko ya kurudi kununua bidhaa, musaada ya mashirika kwa wenye walikimbia vita: vyote vinaishi ndani ya kadi SIM moja, kadogo kuliko ukucha.

Ndiyo maana tunafikiri kwamba mambo ya wivi wa mu telefone haiko tena mambo ya kuchekea. Mbele, mutu akikuibia mu M-Pesa, alikuwa anakuibia chakula ya siku moja. Leo anaweza kukuibia akiba ya mwaka muzima. Na ukiangalia vizuri namna wivi huo unafanyika, utaona kwamba mwivi, mara nyingi sana, havunji kitu. Anaomba ufunguo, na siye wenyewe tunamupa.

Mashini haina macho

Tuanze na namna kitu chenyewe kinatumika. Konti yako ya mu telefone inalindwa na vitu viwili: kadi SIM, na kode ya siri ya namba ine. Mwenye iko na vyote viwili, kwa mashini huyo ni wewe. Mashini haina macho ya kuona sura yako, haina masikio ya kusikia kama unalia. Mwivi anajua hivyo. Kwa hiyo hapotezi wakati wake na kompyuta za kampuni. Anakuja kwako.

Njia ya kwanza ni sauti. Telefone inalia: «Alo, Mama, jambo. Ni ku servis kliya hapa. Konti yako itafungwa leo, tunataka kukusaidia.» Anaongea Kifaransa kizuri kidogo, kisha anarudi mu Kiswahili. Anataja jina lako lote, na hapo unaamini. Lakini jina lako halikutoka mbali: mara nyingi, mutu akijaribu kutuma feza kwa namba yako, jina linatokea kwa ekra yake mbele hajahakikisha. Haiko alama ya kwamba ni wa kampuni. Kisha anakuambia: «Bonyeza etwale, bonyeza namba hizi, mwishoni weka kode yako.» Unafikiri unafungua konti, kumbe umekwisha kutuma feza.

Njia ya pili ni huruma. Mesaje inaingia kwamba umepokea dolari 50. Dakika mbili kisha, mutu anapiga: «Pardo Papa, nilikosea namba, ile feza ni ya hospitali, unirudishie.» Mesaje ilitoka kwa namba ya kawaida kama yako na yangu, haikutoka kwa kampuni. Mwenye hakuangalia konti anatuma feza zake mwenyewe. Na hata kama feza iliingia kweli, usiitume wewe. Umuambie mwenye alikosea aende ku kampuni, kampuni ndiyo inarudisha. Juu kuko wenye wanapokea feza yako na mukono wa kuume, kisha wanalalamika ku kampuni na mukono wa kushoto ili ile ya kwanza pia ifutwe. Hapo unalipa mara mbili.

Njia ya tatu ni kadi SIM yenyewe. Mutu anaenda kwa muuzaji wa SIM, anasema telefone yake ilipotea, anaonyesha karatasi zenye jina lako, anapewa kadi mupya yenye namba yako. Telefone yako inakufa rezo, ya kwake inaamuka. Katika inchi yetu hatari hii ni kubwa kwa sababu ya mambo ya vitambulisho. Kwa miaka mingi, kadi ya uchaguzi ndiyo imekuwa kitambulisho cha Mukongomani. Kadi ya taifa ilianzishwa upya mwaka 2023, lakini watu wengi hawajaiona hata kwa macho. Basi kadi ya uchaguzi inapigwa fotokopi kila mahali, inatumwa mu WhatsApp, inaachwa kwa mutu kama rehani. Na katika vita, ngapi zilipotea njiani, mu kambi, mu nyumba zenye ziliibwa?

Njia ya ine iko karibu zaidi: ni macho na mikono ya mutu mwenye unajua. Kijana wa kabine mwenye umezoea kumupa telefone «anifanyie». Mutoto wa dada. Mupangaji wa chumba cha nyuma. Hatutaki kumuchafua mutu. Wenye kabine wengi ni watu wa haki, wanakaa mu jua tangu asubuhi, na wao pia wanaibiwa. Lakini wakati kode yako inajulikana na watu watatu, siku feza itapotea utashitaki nani?

Fundisho lenye lilitoka Kivu ya Kusini

Kuko mufano mumoja wenye unaonyesha jambo hili vizuri kuliko maonyo yote. GiveDirectly, shirika la Marekani lenye kuwapa familia maskini feza moja kwa moja mu telefone, lilitangaza lenyewe mu mwaka 2023 kwamba karibu dolari 900 000 za programu yake mu Kivu ya Kusini ziliibwa. Haikuwa mutoto fulani wa intaneti mwenye aliingia mu kompyuta zao toka mbali.

Kwa kawaida, sheria ya shirika ilikuwa kwamba kila mutu anaenda mwenyewe kwa ajenti kuandikisha kadi SIM yake. Lakini mu sehemu ile, kwa sababu ya usalama mubaya na safari ndefu, walilegeza sheria: watumishi wa shirika wakaruhusiwa kuwaandikishia watu kadi. Ilionekana kama wema, na pengine mu mawazo ya wakubwa ilikuwa wema kweli. Lakini mwenye kuandikisha kadi ndiye anaweza kushika ufunguo. Watumishi fulani, wakisaidiana na wengine, wakapitia mulango huo, na feza zenye zilikuwa za familia maskini zikaenda kwingine.

Tusiseme kwamba ni mambo ya mashirika tu. Ukubwa wa shirika, kompyuta zake, wakaguzi wake, vyote havikusaidia kitu siku mutu mwingine alishika kadi na kode pahali pa mwenyewe. Je, mama wa Birere mwenye alinunua SIM kando ya barabara, imekwisha kuwashwa, imeandikwa kwa jina la mutu mwenye hajue, analindwa na nini? Siku kadi ile itapotea, kampuni itamuuliza kitambulisho, na jina halitakubaliana. Feza ni zake, lakini kwa karatasi ni za mutu mwingine.

Kusaidiana, ndiyo. Kupana kode, hapana

Kuko watu wenye watasema: «Lakini siye ni watu wa kusaidiana. Koko wangu hajue kusoma, nitamuachaje?» Ni swali la haki, na tunaona kwamba mashauri mengi ya kampuni hayalijibu. Yanasema «usimupe mutu kode yako», kisha yanaandika menu mu Kifaransa, herufi ndogo, kwa mutu mwenye hakusoma shule. Mutu huyo atafanya nini kama si kumupa kijana telefone?

Jibu letu ni hili: tutenganishe musaada na kode. Kijana anaweza kusoma menu, anaweza kuandika namba ya mwenye kupokea, anaweza kuandika kiasi, anaweza kusoma kwa sauti jina lenye limetokea. Kisha, wakati ekra inaomba zile namba ine, anarudisha telefone na anageuza uso. Koko anaweka kode mwenyewe. Hatujaona mama wa soko mwenye hajue namba. Anahesabu franga na dolari siku muzima, anajua noti yenye imepasuka na yenye haijapasuka, anajua nani ana deni yake tangu Pasaka. Mwenye anaweza kufanya hayo anaweza kushika namba ine. Kwa telefone ndogo za kubonyeza, kuko hata kialama kidogo kwa kibonye cha 5, chenye kidole kinasikia bila macho. Toka pale anahesabu: juu, chini, kuume, kushoto. Ni mazoezi ya siku mbili.

Na kama kweli hawezi, juu ya ugonjwa wa macho ao uzee, basi achague mutu mumoja tu wa nyumba, mwenye jina lake linajulikana na wote, na feza zikiingia ao zikitoka zitajwe mbele ya mutu wa pili. Mutu wa kabine asiwe huyo hata siku moja.

Mambo yenye unaweza kufanya juma hili

Badilisha kode kama ni mwaka wako wa kuzaliwa, ama 1234, ama namba ine za mwisho za telefone yako. Mwivi anajaribu hizo mbele ya zingine. Kode ya konti isiwe sawa na ile ya kufungua telefone, juu watoto wote wa nyumba wanajua ile ya kufungua. Usiiandike ndani ya telefone yenyewe, hata kwa jina la «Tantine».

Tenganisha namba. Wenye wanaweza kuwa na kadi mbili, moja iwe ya kuongea, ya WhatsApp, ya kuandika ku duka. Ya pili iwe ya akiba, mu telefone ndogo yenye inabakia nyumbani, na namba yake isijulikane. Hii inasaidia pia kwa ile hatari ingine, yenye kila mutu wa Goma anaijua: mutu mwenye silaha, usiku, anakuambia ufungue konti mbele yake. Hapo usibishane. Toa. Uhai hauna ajenti wa kuurudisha. Lakini kama yenye iko mufukoni ni feza ya siku mbili tu, utalala na huzuni ndogo.

Hakikisha kadi SIM iko kwa jina lako. Nenda ku duka ya kampuni, si kwa muuzaji wa barabarani, uulize: namba hii imeandikwa kwa nani? Kama ni jina la mwingine, omba wabadilishe sasa, wakati telefone ingali mukononi mwako. Siku imepotea, maneno inakuwa mingi.

Funga dirisha lenye haukufungua. Ekra ikikuomba kode na wewe haujaanza kutuma wala kutosha kitu, kataa. Mutu akikuambia kwa telefone bonyeza hivi, bonyeza vile, kata. Kampuni haina haja ya kode yako, hata siku moja, hata kwa sababu gani. Kama una mashaka, piga mwenyewe namba yenye imeandikwa ku duka ya kampuni, si ile yenye ilikupigia.

Fuata rezo. Kama telefone yako inakosa rezo kwa saa nyingi, na jirani yako wa kampuni ileile iko nayo, usingoje kesho. Omba telefone ya mutu, piga ku kampuni, uwaombe wafunge konti. Wivi wa kadi SIM ni wivi wa saa chache: mwenye anawahi ndiye anapona.

Na ukiibiwa, usifute mesaje. Kila mesaje ya feza iko na namba ya referanse, siku na saa. Bila hiyo, haina mutu atakusikiliza.

Mambo yenye si kazi ya mama wa soko

Mpaka hapa tumeongea juu ya watu. Lakini haingekuwa haki kuacha muzigo wote kwa mabega yao.

Kuko kwanza bei ya kutosha feza. Wakati feza za mukononi zilikosekana mu miji hii, ajenti wengi waliomba komisio kupita ile ya kampuni. Wao wanasema: franga tunaitafuta mbali, na siye tunailipia. Ni kweli. Lakini matokeo ni kwamba mutu anaacha feza nyingi mu telefone, wakati mingi, na hatari inaongezeka. Bei ya kampuni ingepaswa kubandikwa ku kila kabine, mu Kiswahili, na kampuni ziwasaidie ajenti kupata franga, ili bei ile isiwe karatasi tu.

Kuko pia uuzaji wa kadi SIM. Kadi yenye imekwisha kuwashwa kwa jina la mwingine, kuiuza ni kumuuzia mutu nyumba yenye ufunguo wake unabakia kwa muuzaji. Na mutu akipewa kadi mupya ya namba ya zamani, ingekuwa vizuri konti ya feza ifungwe kwa siku moja nzima, ili mwenyewe wa kweli apate wakati wa kulalamika. Ni jambo dogo kwa kampuni, lakini lingekata miguu ya wezi wengi.

Kuko mwishoni wakubwa. Sheria hazikosekane. Mu mwaka 2018 Kongo ilitunga sheria juu ya malipo, mu 2020 sheria juu ya telefone na teknolojia, na tarehe 13 mwezi wa 3 mwaka 2023 kitabu cha sheria za mambo ya numeriki, chenye kinaazibu wivi wa kupitia kompyuta na telefone. Shida ni mulango wa kugonga. Kadi SIM inaangaliwa na ARPTC, feza ya mu telefone inaangaliwa na Banki Kuu. Mwenye aliibiwa kwa kubadilishiwa kadi anajikuta katikati: kampuni inamutuma polisi, polisi inamutuma ku kampuni. Na mu Goma ao Bukavu, kuko swali la juu zaidi: sheria imeandikwa Kinshasa, lakini wenye kushika muji ni wengine. Mashitaki ya mama mwenye alipoteza dolari 200 yatasomwa na muamuzi gani?

Kwa swali hilo, kampuni zenyewe ndizo ziko na jibu la karibu, juu antena zao zinaendelea kutumika pande zote mbili, na kwa kila feza yenye inatoka, wao wanapata sehemu yao. Mwenye anakula ku meza haweze kusema hajui jikoni. Ziweke namba moja ya bure ya kufunga konti, yenye mutu wa kweli anajibu mu Kiswahili, usiku na muchana. Zijibu mashitaki ndani ya siku zenye zinajulikana. Wakati tribunali na polisi hazisimame vizuri, hiyo ndiyo tribunali ya kwanza ya mutu mudogo.

Tukingojea hayo, kila nyumba iko na kazi yake. Leo mangaribi, mbele ya kulala, muulizane maswali matatu: kadi SIM hii iko kwa jina la nani? Kode yake inajulikana na nani? Na ikipotea usiku huu, tutapiga namba gani? Nyumba yenye inaweza kujibu yote matatu bila kutafuta imefunga mulango mukubwa. Yenye haiwezi ianze kesho asubuhi, ku duka ya kampuni, na kadi ya uchaguzi mukononi.